Mama Alinyamaza Kortini

Kebirigo,
Kisii.
14 Julai 1974.

Mpendwa kaka Machogu,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini wewe na wifi Bonareri mu wazima huko Mombasa. Sisi miili haijambo, na majani chai yanachumwa. Moyoni ndiko kubaya.

Kaka, Mong'ina amechukuliwa. Alhamisi korti ya Kisii ilimpa baba yake, Ratemo. Tangu tumzike dada Nyanchera miaka mitatu iliyopita, mkwe wetu huyo hakuleta hata kipande cha sabuni. Sasa mke wake mpya amejifungua na anataka yaya, ndipo akakumbuka ana binti wa miaka sita!

Bwana Angwenyi, afisa wa watoto, alikuwa amefika kwetu mara mbili, akaandika yote na kuahidi kutusemea. Lakini wilaya nzima ni yeye peke yake na baiskeli yake. Siku hiyo aliitwa Masimba kwa watoto wengine waliotelekezwa. Simlaumu. Wakili hatukuwa naye. Tulidhani mawakili ni wa kesi za mashamba.

Mimi nilibaki nje nimempakata mtoto. Karani ndiye aliyenieleza ya ndani. Hakimu alimwuliza mama kama ana la kusema, na Ratemo amesimama karibu yake. Unazijua chinsoni zetu: mama mkwe hamtazami mkwewe usoni, sembuse kutaja aibu yake mbele ya watu. Mama akajifunika leso, akainama. Hakimu si wa huku. Aliuliza tena, kisha akaandika kwamba hana pingamizi.

Walipomchukua, Mong'ina alinishika shingo akilia, "Magokoro, waambie! Mimi sitaki!" Huyo Magokoro, bibi yake, alikuwa anatoka, bado amejifunika.

Nimezikasirikia mila, nimeikasirikia korti, na zaidi mimi mwenyewe niliyekaa nje.

Ijumaa Bwana Angwenyi alikuja, akashindwa hata kunywa chai. Anasema tuna siku thelathini za kukata rufaa, na safari hii tusiende bila wakili. Nakusihi, kaka, omba ruhusa kazini uje.

Msalimie wifi na Manasseh mdogo. Mjomba Ogari anawasalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Mama sijui nikuambie anakusalimuje. Anaketi jikoni akisema peke yake: "Bwana hakimu, huyu mtoto analala na mimi. Anaogopa radi. Maziwa ya moto hanywi, mpaka yapoe." Kaka, sasa anayasema yote, na hakuna wa kuyaandika.

Dada yako akupendaye kwa machozi,
Persis