Majirani Wameapa kwa Ajili ya Siku Uliyozaliwa

Jikoni kwa Bwana Mifugo,
Tarime.
9 Novemba 1955

Kwa Joram Mogesi,
Kambi ya mkonge,
Korogwe.

Mpendwa mpwa wangu Joram,

Marahaba! Shikamoo yako nimeipokea ingawa bado hujaituma. Najua kijana aliyelelewa na dada yangu Gati hawezi kumsahau mjomba wake Filemoni, mpishi hodari wa Tarime nzima, mtu aliyefika vitani Burma akarudi na meno yake yote.

Hujambo lakini? Kifua kinasemaje na vumbi la huko? Miiba ya mkonge haijakutoboa macho? Na chakula je? Ikiwa wanakulisha ugali wa mahindi meupe kila siku, pole sana. Huo ni ugali wa wagonjwa. Siku nyingi sijakuona ukila ugali wa ulezi ukatoka jasho, na hilo linaniuma kuliko unavyodhani.

Sisi huku wazima. Mama yako mzima, amenenepa kidogo, tena anakana. Bibi yako Wegesa mzima pia, isipokuwa goti, nalo analitukana kila asubuhi kama mtu mwingine aliyehamia mguuni mwake. Mke wangu Agustina anasema nipunguze kujisifu humu. Nimemjibu karatasi ni yangu.

Sasa nije kwenye habari. Barua yako ya mwisho ilimliza mama yako. Ulisema umeitoa Matongo moyoni, unatafuta kiwanja hukohuko Korogwe, kwa kuwa Ryoba alikuambia mbele za watu kwamba wewe si mjukuu wa boma lile. Mpwa wangu, kama umesimama, kaa. Baraza limekata shauri: shamba la Matongo ni lako. Lakini kuna sharti moja. Lazima ufike wewe mwenyewe, kwa miguu yako, uonyeshwe mipaka mbele ya wazee kabla ya kupanda ulezi. Usipofika, Ryoba ataendelea kulima, na safari hii hakuna atakayemuuliza. Usirukie mwisho wa barua. Soma kwa mpangilio, nimetumia wino mwingi.

Ulipoondoka, Ryoba hakungoja hata vumbi la lori litue. Alipeleka madai barazani: yeye ni mtoto wa kaka wa marehemu Mzee Mogesi, mume wa bibi yako, Mogesi hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo ardhi irudi kwake. Bibi yako akasimama na lile goti lake. Akasema, "Mimi sikuzaa dume, kweli. Ndiyo maana nilitoa ng'ombe nikamwoa Gati, nyumba ntobu, mwanamke kumwoa mwanamke ili nyumba ipate mrithi, kama walivyofanya wanawake wa ukoo huu kabla yangu. Gati akanizalia Joram. Ryoba, wewe ulicheza kwenye arusi ile mpaka ukapasua kaptula. Leo unasema hukuiona?"

Watu wakacheka, lakini Ryoba si mjinga. Akasema nyumba ntobu anaikubali, ila mtoto huyu hakuzaliwa ndani yake. Eti Gati aliletwa na wewe mgongoni, mtoto mwenye kwao kwingine, na ng'ombe wakatolewa baadaye. Na mtoto aliyezaliwa kabla ya ng'ombe ni wa wengine, hilo kila mtu analijua.

Hapo niliogopa, Joram, tena kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wewe. Ya pili, ng'ombe wale waliotoka kwa Wegesa kwenda kwetu Mbalibali ndio niliomwolea Agustina. Wazee wakisema ndoa ya mama yako ilikuwa na kasoro, ng'ombe warudi, na ng'ombe wakirudi, Agustina naye arudi kwao? Nilimweleza usiku ule. Akasema, "Basi niandalie mzigo." Alikuwa anatania. Nadhani.

Mimi sikuweza kuwa shahidi, maana ni ndugu wa Gati, na siku ulipozaliwa nilikuwa Nairobi nikijifunza kukaanga samaki kwa siagi. Kwa hiyo nikakusanya majirani. Hapo ndipo tulipoharibu, tena vibaya. Mzee Kornelio, mkuu wa wazee wa baraza, aliuliza: Joram alizaliwa mwaka gani? Majirani wa Matongo wakajibu, mwaka uliofuata tohara. Akauliza, ng'ombe walifika Mbalibali mwaka gani? Watu wa kwetu wakajibu, mwaka wa tohara ya pili. Unajua mwenyewe, Matongo hutahiri kwa mwaka wao na Mbalibali kwa mwaka wao. Kila upande ukahesabu kwa visu vyake. Tulipojumlisha, wewe ulikuwa umezaliwa kabla ya mama yako kuolewa, na kwa hesabu ya mzee mmoja wa Mbalibali, kabla ya mama yako kuzaliwa! Ryoba alicheka mpaka akashika ukuta. Kesi ikaahirishwa.

Nilirudi jikoni nimenyong'onyea hata nikaunguza supu. Bwana Mifugo, Mwingereza wangu ninayempikia, akaja kuuliza kulikoni. Nikamweleza yote, maana Kiingereza changu ni kizuri, yeye ndiye husikia vibaya. Basi Bwana huyu, akiacha ng'ombe, ana ugonjwa wa kusoma mambo ya wafalme wao wa zamani, kabla ya bunduki, kabla ya chai. Akavuta kiti palepale jikoni.

Akaniambia hivi. Zamani kwao, mtu aliyeshika ardhi ya mfalme akifa, mfalme hakuja. Alituma amri kwa ofisa wake wa upande ule: fulani amefariki, ishike ardhi yake, uite majirani, waape. Waseme alikuwa na ardhi gani, alifariki lini, mrithi wake ni nani, ana umri gani. Mrithi akiwa mtoto, mfalme huishika ile ardhi na kula mavuno yake mpaka mtoto akue. Nikamwambia, "Kumbe na nyinyi mlikuwa na akina Ryoba!" Akasema, "Wengi."

Na huyo mtoto akikua akataka ardhi yake, atajuaje mtu kwamba ametimiza miaka? Cheti hawakuwa nacho. Joram, Waingereza hawa wanaotuuliza cheti mpaka cha mbwa, babu zao hawakuwa nacho! Mfalme hutuma amri nyingine, majirani huitwa tena, takriban watu kumi na wawili, na kila mmoja huulizwa: wewe umejuaje? Mmoja husema, siku mtoto yule alipobatizwa nilianguka kwenye farasi nikavunjika mguu. Mwingine husema, siku ile nilimzika baba yangu. Mwingine, siku ile nyumba yangu iliungua. Basi. Mfalme anakubali, mtoto anapewa ardhi.

Nilikaa na mwiko mkononi. Nikaona kosa letu. Tuliwauliza watu mwaka, na mwaka ni mali ya wazee wa tohara. Tungewauliza siku ile walifanya nini wao wenyewe. Mtu anaweza kusahau mwaka, lakini hasahau siku aliyovunjika mkono.

Sikumwachia Bwana sifa zote, usidhani. Yeye alileta farasi, mimi nikatafuta mbuzi.

Baraza lilipokutana tena nilimwomba Mzee Kornelio abadilishe swali, nikamweleza ya mfalme. Wazee wengine wakaguna kwamba mpishi ameleta wafalme barazani. Yeye akasema, "Hata mfalme alikuwa na majirani. Waulizwe."

Akaanza mama Waisiko, yule wa ng'ambo ya kijito. "Siku ya Joram," akasema, "tulikuwa shambani kwa Wegesa tukivuna ulezi. Gati akashikwa na uchungu akiwa na kisu mkononi. Nikaacha kikapu changu nikamshika. Mbuzi wakala kikapu chote. Wegesa hajanilipa mpaka leo." Bibi yako akafoka kutoka nyuma, "Mbuzi walikuwa wako mwenyewe!" Mzee Kornelio akasema hilo ni shauri lingine, waje nalo wiki ijayo.

Akafuata Athanas. Yeye siku ile alianguka kutoka juu ya ghala lake akavunjika mkono. Akauonyesha, bado umepinda. "Majirani wote walikuja kunipa pole isipokuwa Wegesa. Nikaambiwa anakanda mzazi, amepata mjukuu. Nikasema, mjukuu ndiyo nini mbele ya mkono wangu? Nimemkasirikia tangu siku ile." Joram, baraza zima lilicheka, lakini wazee walitazamana. Mtu haweki kinyongo miaka yote hiyo kwa ajili ya siku isiyokuwapo. Basi wewe ulizaliwa Matongo, katika ulezi wa Wegesa. Ile habari ya mgongoni ikafa.

Ryoba akageuza. Akasema, "Haya, alizaliwa shambani. Lakini ng'ombe walikuwa hawajatoka."

Ndipo akaitwa Simioni, ambaye siku hizi ni katekista. Akasema yeye ndiye aliyetumwa Mbalibali kesho yake kupeleka habari kwa wazazi wa Gati. "Walifurahi, wakanipa maziwa. Wakasema, haya ni ya yule mtamba mwekundu mwenye doa jeupe usoni, aliyetoka kwenu kwa ajili ya Gati. Nikamwona amesimama na ndama wake. Ndama alikuwa ameanza kuota pembe."

Mzee Kornelio akamgeukia Ryoba, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Ryoba, mtamba huyo unamkumbuka?"

"Namkumbuka. Mimi ndiye niliyemchunga, na mimi niliyemswaga mpaka Mbalibali."

"Labda mlimtoa akiwa na mimba tayari."

Mpwa wangu, laiti ungeuona uso wa Ryoba! Akasimama. "Mimi? Nitoe mtamba mwenye mimba? Nimpe mtu wa Mbalibali ng'ombe wawili kwa hesabu ya mmoja? Mzee, unanionaje? Mtamba yule alikuwa hajamwona dume. Naapa!"

Watu barazani walikuwa wanahesabu vidoleni. Ng'ombe hubeba miezi tisa kama mwanamke, na pembe za ndama nazo zina muda wake. Kwa kiapo cha Ryoba mwenyewe, ng'ombe walifika kwetu kabla mama yako hajapata hata kichefuchefu chako. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kufika mwisho wa hesabu. Alipofika, akakaa polepole, akasema, "Lo." Akaanza kucheka yeye mwenyewe, na hapo nikampenda kidogo.

Angeweza kusema mtamba alikuwa na mimba, na kesi ingekuwa ngumu. Lakini mfugaji gani wa kwetu atakubali kuandikwa mjinga wa ng'ombe ili apate shamba?

Jioni nilikwenda kwake na kibuyu cha pombe ya ulezi. Usinikasirikie. Ryoba ni jirani yako mpaka kufa, na mtu ukiishi naye mpaka mmoja ni afadhali ujue anachekea nini. Ameomba kitu kimoja tu, avune mihogo aliyopanda upande wa chini, kisha atoke. Bibi yako amekubali. Tena Ryoba amesema ukija atakupa maksai wake wakulimie siku ya kwanza. Nilimuuliza kama wana mimba. Alinirushia kata ya pombe.

Sasa lile sharti. Bwana Mifugo anasema hata kwao, majirani wakishaapa, mrithi hupaswa kwenda mwenyewe kupiga magoti mbele ya mfalme, mikono yake ndani ya mikono ya mfalme, ndipo apewe ardhi. Hapa hakuna wa kupigiwa magoti. Utatembea na wazee kutoka kijitoni mpaka kwenye mawe yale meusi, ushike jembe, ulime kidogo wakikutazama. Nilijitolea nisimame badala yako, maana mimi hupendeza mbele ya watu. Bibi yako akasema, "Wewe mjomba, kaa na masufuria yako. Mjomba harithi."

Njia ni hii. Panda treni ya Moshi, pita Voi mpaka Nairobi, halafu Kisumu, kisha basi la Sirari. Nairobi usizurure hata kidogo, siku hizi wanakamata watu kama kuku. Kaa stesheni na karatasi zako mkononi. Na huyo msichana wa Kizigua uliyemtaja kwa mstari mmoja, kana kwamba mimi sijui kusoma kati ya mistari, njoo naye. Agustina anataka kumwona, na mimi nataka kumpikia.

Jumapili nilifika kwa bibi yako. Nilimkuta ameshusha mbegu za ulezi kutoka juu ya jiko, amezianika kwenye ungo. Nikamuuliza, "Mama, na Joram asipokuja?" Hakuniangalia hata usoni. Akasema, "Ondoa kivuli chako kwenye mbegu zangu. Atakuja."

Mama yako Gati anakusalimu sana, na Agustina, na Mwalimu Hezekia aliyekufundisha, na mama Waisiko na mbuzi wake. Athanas anasema uusalimie mkono wake uliovunjika kwa ajili yako. Ryoba naye amesema niandike jina lake, basi nimeliandika.

Mungu akulinde kwenye reli na kwenye basi, akupitishe salama mipaka ya wenyewe, mpaka ufike kwenye mpaka wako.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye karibu kama ninavyojipenda mwenyewe,

Filemoni