Ukuta Wako Umechorwa kama Uzi

Baba yangu mpenzi,

Mungu akurehemu huko uliko. Nakuandikia nikiwa na hasira. Nimetia udhu mara mbili ili nipoe, sijapoa.

Mjukuu wako Idrisa, mtoto wa dada Halima, sasa ni injinia. Kamati ya msikiti ilimwomba aipime madrasa uliyoijenga, ile ya mawe meusi ya volkano, kabla hatujaikarabati. Ana programu ya kompyuta: unachora nyumba, yenyewe inaipitishia jua la mwaka mzima na kukwambia ndani kutakuwa na joto gani. Akaja na jibu. Darasa la wasichana, upande wa ziwa, eti mchana linaungua. Tuzibe madirisha yote matatu, tuweke mashine za ubaridi. Kura ni Ijumaa.

Nikamwambia, "Idrisa, mi nimesoma humo miaka sita. Hiyo joto iko wapi?"

"Mama mdogo, kompyuta haina mapenzi."

Kamati nzima ikacheka.

Nikataka anionyeshe mchoro. Baba, ukuta wako ulikuwa mstari! Mstari mwembamba kama uzi wa kushonea.

"Unene iko wapi?"

"Unene tunaacha. Bon, nimeiandikia kwamba ni mawe, hiyo inajua. Lakini kwenye mchoro tunaweka mstari tu, kazi inaenda mbio. Tofauti ni ndogo."

Ndogo! Ulipokuwa ukiijenga, nilikuwa sijafika miaka saba. Kila ulipofika kwenye dirisha uliniita: "Ikala hapa, we fundi mudogo. Nyosha miguu." Mgongo ukae ukingo wa ndani, visigino vifike ukingo wa nje. Huo ndio uliokuwa unene wa ukuta wako. Mafundi wenzako wakakutania, "Huyu mutoto akikua, na ukuta utakua?" Ukawajibu, "Ndiyo maana najenga mbio." Kisha ukaniambia mimi peke yangu: jua lipige miguu, lisifike kwenye daftari.

Lakini hasira nyingine ni juu yangu mwenyewe, na hii sijamwambia mtu. Siku Idrisa alipokuja kupima, mimi ndiye niliyemshikia futi. Wasichana walikuwa ndani wanasoma Kurani, sikutaka wasumbuliwe. Nikamwambia, "Pimia nje tu, ni kitu kimoja." Mimi! Kwa hiyo kwenye kompyuta darasa likawa kubwa kuliko lilivyo, na madirisha yakakaa usoni pa jua, bila lile shimo la kivuli linaloachwa na unene wa ukuta.

Jana baada ya Adhuhuri nilimfuata. Nikamwambia, "Ingia dirishani."

"Mama mdogo, mutu mukubwa kama mimi?"

"Ikala!"

Akajikunja, akaingia. Jua liliishia kwenye viatu vyake. Akapapasa jiwe. Mwishowe akatoa futi, akapima ukingo kwa ukingo.

"Sentimita sitini na mbili," akasema polepole. "Ukuta wa tofali ya siku hizi ningeacha. Huu si wa kuacha."

Alichora upya palepale mkekani, safari hii na vipimo vya ndani na dirisha likiwa ndani ya shimo lake. Kompyuta ikasema darasa ni baridi. Wanakamati walipopata habari wakasema mashaallah, kompyuta hii ina akili! Hakuna aliyekutaja. Hakuna aliyekumbuka kwamba mimi niliwaambia hivyo kwa mdomo wangu, wakacheka. Ijumaa watapiga kura madirisha yabaki, na mimi nitanyoosha mkono pamoja nao, meno yakiwa yameumana.

Idrisa nimemsamehe, alikiri kosa lake. La kwangu ndilo lililobaki. Nisamehe, Baba. Ulinifundisha unene kwa miguu yangu, nikaenda kusema nje na ndani ni kitu kimoja.

Leo nimemkuta msichana mdogo ameketi dirishani, daftari mapajani. Nilitaka kumkaripia ashuke. Nikaangalia visigino vyake: bado kidogo vifike ukingoni. Nikamwacha.

Lala salama, fundi.

Mimi binti yako, kipimo chako