Nilifuta Visima vya Kupimia, Sasa Wifi Yangu Mjamzito Anakunywa Maji ya Bomba Langu

Shangazi Sharadamma, nisaidie, nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya ofisi kwa sababu nikikaa mezani nitalia mbele za watu, mimi ni mchora ramani katika ofisi inayopanga mabomba ya kuleta maji taka ya jiji la Bengaluru, yakishasafishwa, huku kwetu Kolar, yajaze mabwawa yaliyokauka, yazame ardhini, visima vifufuke na wakulima wamwagilie, na kazi hii naipenda kwa kuwa baba yangu amechimba visima saba na vyote vikatoa vumbi, mpaka kijijini wakampachika jina la Bwana Vumbi.

Sasa bomba lilikuwa lipite kilomita mbili mbali na kwetu, nami nikalipindisha kwenye ramani ili lifike bwawa letu, sababu za kitaalamu nikazitafuta zikapatikana, ila mkubwa wangu wa kazi, Bwana Ananthaiah, akaitazama ramani akasema, "Bwawa hili liko pua na mdomo na nyumba za watu. Lazima tuweke visima vitatu vya kupimia maji, na vibali vyake ni mwaka mzima. Chagua mwenyewe: futa visima, au rudisha bomba lilikokuwa."

Nikamwuliza, "Tukivifuta, nani atajua maji yakoje huko chini?"

Akacheka. "Haya ni ya kumwagilia nyanya, dada. Nani atayanywa?"

Nikafuta, Shangazi, kwa mkono huu huu unaokuandikia.

Jana Jumapili nikaenda nyumbani baada ya miezi mitano, mama akanipokea mlangoni na bilauri ya maji, nilikuwa na kiu ya safari nikayagugumia yote, baridi, matamu, ndipo akanishika bega akasema, "Umeyaonja? Kisima cha babu yako hicho! Miaka kumi na minane kimekauka, leo natumbukiza ndoo kamba haifiki pima mbili!" Nikaiweka bilauri chini, nikauliza, "Na maji ya kununua, yale ya mtambo wa kusafishia?" Baba akajibu kutoka uani, "Madumu tumeyaacha tangu Ugadi, tangu mwaka mpya wetu. Ninunue maji mimi, mwenye kisima?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na majirani walikuwa wamepanga ndoo pale, wale wale wa Bwana Vumbi, yeye mwenyewe anawachotea mmoja mmoja huku anawatania, "Leteni ndoo zenu, enyi watoto wa vumbi!"

Halafu wifi yangu Hemavathi akatoka jikoni na tumbo la miezi minane, akaniambia, "Wifi, nakunywa bilauri kumi kwa siku, hata nesi kanisifu," na mimi nikaketi, nikala sima ya ulezi iliyosongwa kwa maji hayo, nikasifu mapishi, nikaondoka bila kutamka neno.

Nikisema, baba atarudi kuwa kichekesho na mimi nitafukuzwa kazi, nikinyamaza sijui mtoto yule anakunywa nini, na huenda maji ni safi kabisa, sijui, hakuna anayejua. Nifanye nini?

Mwenye Kifutio, Kolar

* * *

Mwanangu Mwenye Kifutio,

Barua yako nimeifungua Jumatano saa nne asubuhi, na chai yangu ikapoa mezani. Miaka kumi na tisa nimejibu barua za wakwe, za wivu, za mabwana walevi. Hii ilinifanya nisimame.

Sikungoja gazeti litoke. Namba yako ilikuwa nyuma ya bahasha, nikakupigia. "Umeshawaambia?" nikakuuliza. Ukanijibu, "Bado, Shangazi, nasubiri ushauri."

Unasubiri ushauri! Mjamzito ana bilauri mkononi, na wewe unasubiri gazeti la Jumapili! Nilikufokea, na radhi sikuombi.

Nakuhurumia, kwa sababu bomba ulilipindisha kwa mapenzi. Lakini visima hukuvifuta kwa mapenzi, ulivifuta kwa haraka. Ananthaiah ana dhambi yake na ataibeba. Kifutio alikishika nani?

Jioni ile ulikwenda, na hilo nakupongeza. Uliniambia Hemavathi alitema maji yaliyokuwa mdomoni. Mama yako akakaa chini sakafuni. Baba yako hakupaza sauti, akasema tu, "Kwamba yametoka kwenye vyoo vya Bengaluru nilijua, binti yangu. Sote tulijua. Tuliyanywa kwa kuwa aliyeyaleta ni wewe."



Sasa sikiliza. Hemavathi anywe maji ya mtambo tu, na aende kliniki kesho amweleze nesi ukweli wote. Asidanganywe na mtu kwamba kuchemsha kunatosha. Kuna vitu moto hauvitoi, na mtoto mchanga ndiye huumia kwanza. Zile chupa za maji ya kisima ulizoniambia umezipeleka maabara, majibu yake uyasome hadharani, mbele ya kila mwenye ndoo, yawe mabaya au mazuri. Lakini usingoje majibu ndipo uwaonye. Waonye leo, nyumba kwa nyumba, na uongozane na baba yako akikubali. Maji ya kisima yaende shambani kwenye nyanya, huko ndiko yalikokusudiwa.

Kisha uandike barua kwa aliye juu ya Ananthaiah. Sema ulichofuta, siku uliyofuta, na aliyekuamuru, na udai visima vya kupimia virudishwe. Weka jina lako halisi. Kazi ikiondoka, iondoke, utachora kwingine.

Na kuna swali nililokuuliza mara mbili kwenye simu, ukageuza mazungumzo mara zote mbili: ni mabwawa mangapi mengine mliyoyafutia visima? Mimi sihitaji kuambiwa. Orodha hiyo, kijiji kwa kijiji, ifike mezani kwa wakubwa kesho Jumatatu, kabla watu hawajaamka kuchota.