Vidokezo Vyako Nimeviondoa

Ndugu yangu Wafula,

Nimekushinda, na sina wa kumtambia.

Unaukumbuka ubishi wetu kibandani, nyuma ya Adams Arcade, chai ikipoa kati yetu? Ulikuwa umejaza vidokezo katika maktaba yetu ya msimbo, neno fupi juu ya kila kipande, kuiambia kompaila, ile programu inayoutafsiri msimbo kwa mashine, ni kipi ikipachike pale pale kinapoitwa ili programu iende mbio. Mimi nilishikilia kwamba kompaila iliyoundwa vyema haihitaji kushikwa mkono. Nikakunukulia vitabu. Ukasonya. "Prof, wacha mdomo mingi. Pima kwanza." Tukapima, na bila vidokezo vyako programu ikazorota. Nilinuna hadi mama wa chai akaniuliza kama nimefiwa. Ulilicheka swali hilo njia nzima hadi Waithaka.

Sasa nimefiwa.

Tulipokwisha kukuzika, kompaila mpya ilitoka. Wenzetu ofisini wakaamua vidokezo viondolewe, wakanikabidhi kazi hiyo kwa kuwa, walisema, ndiyo hoja yangu ya siku zote. Wafula, nilipinga. Nilibishana na meza nzima kwa hoja zako, hata zile nilizozidhihaki. Walinitazama kwa huruma, na huruma hiyo iliniuma kuliko jibu lolote. Ningewaambiaje kwamba katika mistari ile ndipo ninapokusikia bado?

Kisha nikaikumbuka siku ya kunyolewa baada ya mazishi, kwenu, nguo zako zilipogawiwa. Baba yako mkubwa alinikuta nikiikunja sweta yako ya kijivu kwa uangalifu mno. Akaninyang'anya, akanitupia mabegani. "Hii si ya kuweka kwa sanduku, kijana. Vaa."

Basi nikapima. Niliondoa kidokezo kimoja kimoja, nikipima kila mara, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliomba nishindwe. Kimoja tu kingenitosha, kimoja ambacho bila hicho mashine ingesuasua. Hakikupatikana. Programu ilikwenda vilevile, kana kwamba mkono wako haukuwahi kuigusa. Nikayaidhinisha mabadiliko. Nikatoka, nikakaa ngazini, nikakusubiri uje kukana matokeo.

Sweta naivaa. Inanibana mabegani, lakini naivaa.

Nakuahidi jambo moja, kwa kuwa wewe ndiwe uliyenifundisha kulifanya. Kila toleo jipya la kompaila litakapotoka, nitavirudisha vidokezo vyako katika nakala ya kando, mahali pasipomsumbua mtu, nipime upya. Siku kimoja kitakapohitajika, nitakirejesha kwa jina lako, kisha niende kibandani nimwambie mama wa chai, kwa sauti ambayo wateja wote wataisikia, kwamba ulinishinda.

Lala, ndugu yangu. Ubishi wetu siufungi.

Wako,
Prof