Ile Filamu ya Kwenye Kopo la Biskuti

Mlango wa nyuma ya ukumbi,
ghorofa ya kwanza,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Leo ni tarehe tisa, na nimejiapia kukuandikia yote bila kuficha, hata lile nililomficha Babu. Mwalimu wetu wa lugha hapendi barua inayoanza na shida kabla ya salamu, kwa hiyo nakusalimu kwanza. Shikamoo, Shangazi. U hali gani huko? Ule mgongo uliotuandikia kwenye kadi miaka mitatu iliyopita umepoa? Unapata usingizi wa kutosha? Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mama anakohoa asubuhi tu. Baba yuko safarini na lori lake, atarudi mwisho wa mwezi. Mimi sina neno, ila nimerefuka mpaka sare ya shule imeanza kuyaacha magoti nje.

Uliponiona mara ya mwisho nilikuwa nabebwa mgongoni, kwa hiyo huenda hunikumbuki. Mimi ndiye binti wa kaka yako, yule wa pekee. Babu ananiita Karani kwa sababu naandika kila kitu. Tumejaribu kukupigia simu, lakini nambari tuliyo nayo inaita tu mpaka inachoka. Anwani hii nimeipata nyuma ya kadi yako.

Najua utataka kusikia habari za Babu, hata kama hutauliza. Anakula vizuri, anatembea vizuri, na ulimi wake ni uleule. Macho ndiyo yamemwangusha. Daktari alisema jicho moja lina mtoto wa jicho, na la pili lina ugonjwa mwingine ambao hautibiki, na kwa umri wake hataki kumpasua hata lile la kwanza. Anaona mwanga na giza. Anajua kwamba mtu amesimama mbele yake, lakini hajui ni nani mpaka huyo mtu aseme. Mashine ya filamu anaiendesha kwa vidole. Anaipitisha filamu kwenye meno ya mashine huku ameniinamishia uso kana kwamba ananitazama, na hakosei.

Bado alikuwa anaonyesha zile filamu za kimya hapa ukumbini, kila Jumamosi ya pili ya mwezi, saa kumi jioni. Nyingine hata hadithi hazina. Ni gurudumu linazunguka, kivuli cha ngazi ukutani, maji yanamwagika na kurudi kwenye ndoo. Babu anasema waliozitengeneza walikuwa wanajaribu kuona kamera inaweza nini, na mtu anayejaribu usimdai hadithi.

Kazi yangu ni kusoma kwa sauti yale maneno yanayotokea katikati ya picha, kwa lugha yetu, na kuangalia mwendo wa mashine. Babu hataki filamu za zamani zikimbizwe. Analalamika kwamba watu wa siku hizi wanaamini wazee wetu walitembea kama walioingiwa na siafu, kumbe ni mashine mpya tu zinazozikimbiza picha zilizopigwa taratibu.

Lakini Shangazi, watu hawaji. Nilipoanza kuwasomea walikuwa wanafika arobaini. Januari walikuwa tisa. Mmoja wao ni mzee tunayemwita Bwana Usingizi, ambaye huja kwa sababu filamu hazina kelele. Mwingine ni fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye hutazama nguo tu. Mwanamke wa kwenye filamu amepotelewa na mtoto, analia, nami nasoma maneno yake kwa majonzi yote niliyo nayo, halafu fundi ananivuta mkono. "Umeyaona yale mabega yalivyokunjwa, mwanangu? Siku hizi nani anaweza?"

Mwezi huohuo wenye jengo walileta barua. Ukumbi utakuwa mahali pa watu kufanyia mazoezi ya viungo. Walikuja vijana wawili na futi ya kupimia, wakapima ukuta wa mbele, pale lilipo pazia la kuonyeshea, kwa sababu hapo ndipo vitakapowekwa vioo. Babu aliwauliza vioo vya nini. Mmoja akamjibu, "Watu wajitazame, mzee." Babu akacheka sana siku ile, kisha hakula.

Filamu zote zinapelekwa kwenye ghala la kuhifadhia filamu, kwenye mji mwingine. Mama mmoja anayelisimamia alimwambia Babu kwenye simu kwamba atapokea zilizo safi tu. Sasa nafika kwenye jambo langu.

Babu alinifundisha kusafisha filamu nikiwa darasa la nne. Unavaa glavu za pamba, unalowesha kitambaa laini kwa spiriti, unaibana filamu ndani ya kitambaa kwa vidole viwili, unaivuta polepole kutoka gurudumu hili hadi lile. Ukungu ukiwa mwingi unarudia. Na ukungu wa filamu si mweupe peke yake, nimeshauona wa kijani na wa rangi ya kutu. Babu aliniambia, "Karani, safisha kila kilichomo kabatini, usibakize hata kimoja." Nilisafisha siku kumi na moja, kila nikitoka shule.

Siku ya kumi na moja, nyuma kabisa ya rafu ya juu, nilikuta kopo la biskuti lenye kutu, halina karatasi ya jina. Ndani yake mlikuwa na filamu moja ndogo. Sikuwahi kuona filamu iliyoharibika kiasi kile. Ilikuwa na madoa mwanzo hadi mwisho, mekundu na ya buluu na ya njano, mengine yamepandana. Niliihurumia. Niliivuta kwenye spiriti mara tatu, mpaka kitambaa kikawa zambarau. Kisha nikaiinua dirishani na ikawa safi kama kioo. Sitaki kukudanganya, Shangazi. Nilijisifu.

Jioni ile tukiwa mezani Babu akasema, "Siku ya mwisho tutafunga na ile ya kwenye kopo la biskuti. Hiyo usiiguse na spiriti. Hiyo haikupigwa na kamera. Shangazi yako aliichora kwa mkono."

Nilikuwa nimeshika sahani. Nikasema, "Sawa, Babu."

Kesho yake nilimuuliza Mama, naye akaniambia alivyosikia kutoka kwa Baba. Kwamba ulikuwa na miaka kumi na minne, umri wangu. Kwamba ulikaa likizo nzima kwenye chumba cha mashine na wino wa chupa na sindano ya kushonea, ukachora juu ya mabaki ya filamu yasiyo na picha mpaka zikatimia dakika nne. Kwamba uliiweka kwenye mashine mbele ya watu bila kuomba ruhusa, na Babu akaizima kabla haijaisha, akasema mbele yao wote kwamba huo ni uchafu. Mama anasema hukulia. Ulikwenda kuosha mikono, na toka siku hiyo hukuingia tena chumba cha mashine, na ulipopata nafasi ya kuondoka uliondoka.

Kama haikuwa hivyo, nisamehe. Wewe ndiwe ujuaye. Mimi nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba hakuitupa.

Nilikuwa na siku tisa za kumwambia, na kila siku nilikuwa na sababu. Mara ana wageni, mara anaimba huku anapaka mashine mafuta. Alikuwa anaimba, Shangazi! Mama aliniuliza mbona nimekonda. Nikasema ni mitihani.

Jana ndiyo ilikuwa Jumamosi yenyewe. Walikuja watu kumi na saba. Tulianza na filamu ya mwanamke anayeuza miavuli katika mji ambao mvua hainyeshi, na walicheka palipostahili, hata Bwana Usingizi alikaa macho mpaka katikati. Ilipokwisha, Babu alitoka chumba cha mashine, akashuka akipapasa viti, akasimama mbele yao. Hakuwa ameniambia kwamba atasema lolote. Naandika maneno yake kama alivyoyatamka, maana ni yako.

Alisema, "Hii ya mwisho ni ya binti yangu. Aliifanya akiwa mdogo, na alikuwa ameniacha mbali, ila mimi sikujua. Niliitukana mbele ya watu, kwa hiyo nataka kuisifu mbele ya watu. Ningependa naye awepo. Basi, tazameni."

Akarudi juu, nikamshika mkono kwenye ngazi. Huo ndio uliokuwa wakati wangu wa mwisho wa kusema, nami nikahesabu ngazi.

Mashine ilipoanza, pazia likawa jeupe. Jeupe tu. Mara mojamoja kulipita mstari mwembamba wa sindano yako, kwa sababu spiriti haifuti mchoro wa sindano. Kuna mahali mstari mmoja unapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Huo niliuona, na nakushukuru kwa huo.

Mtu mmoja akapaza sauti, "Mzee, mashine imekula filamu!"

Babu akajibu kupitia dirisha dogo, "Mashine iko sawa. Anayekula ni wewe. Acha kutafuna, tazama."

Wakacheka, halafu wakaanza kuondoka, mmojammoja, wakiinama kwa adabu wasizibe mwanga. Babu hakuwaona. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mashine, anahesabu kwa midomo. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Sasa yanakuja ya buluu." Baadaye akasema, "Ya njano, madogo, kama mtu kamwaga mtama." Kila alichokitaja alikitaja kwa uhakika, kama mtu anayepita kwenye nyumba yake gizani. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba miaka yote hii amekuwa akiitazama peke yake.

"Sasa mekundu," akasema. "Yamekuja?"

"Yamekuja, Babu."

Midomo yake ikaacha kuhesabu. Filamu ilikuwa bado inakwenda. Akageuza uso kwangu na kusema, "Siku ile nilizima hapa. Na kila nilipojaribu tena, mkono ulikwenda wenyewe kuzima hapahapa. Hii ndiyo mara ya kwanza inapita." Akasogea karibu na sikio langu. "Niambie, Karani. Kuna nini sasa?"

Nilisema ni nzuri. Akauliza, nzuri vipi? Nikasema ni nzuri sana, Babu, siwezi kusema na kutazama kwa pamoja. Akanipigapiga begani. "Tazama basi. Tazama kwa niaba yangu."

Filamu ilipokwisha waliobaki ni watatu. Fundi cherehani alikuwa amekaa, mkoba magotini, ameinua macho kwenye dirisha letu dogo. Nadhani alijua kuna jambo. Bwana Usingizi akaamka, akauliza kama imekwisha, akaambiwa imekwisha, akasema nzuri.

Leo asubuhi Babu amenipa daftari jipya. Anataka nimwandikie filamu yako, doa kwa doa, kuanzia pale penye mekundu hadi mwisho, halafu niwe namsomea kama nilivyokuwa nawasomea watu ukumbini. Anasema hana haja ya macho akiwa na hilo daftari. Lipo hapa mezani, na ukurasa wa kwanza hauna kitu.

Nimefikiri kutunga, kwa sababu ninapata alama nzuri katika insha. Lakini nimeshamdanganya mara moja, na itakuwaje nimdanganye kila jioni? Nitamwambia ukweli. Nakuahidi wewe kwanza ili nisiweze kurudi nyuma. Ila naomba siku hiyo niwe na kitu cha kumwekea mkononi, maana sijui kama ataweza kuupokea mikono mitupu. Mimi mwenyewe siwezi.

Kesho wanang'oa viti. Mashine hakuna anayeitaka, hata yule mama wa ghala amesema wanazo za kutosha. Sioni jambo lolote hapa linaloweza kurudi lilivyokuwa, Shangazi, na sitakuandikia kwamba mambo yatakuwa mazuri, kwa sababu niliapa. Filamu yako sikuipeleka ghalani. Nimeirudisha kwenye kopo lake. Ni safi, haina kitu, na sijathubutu kuigusa tena.

Mama anakusalimu sana na anasema jokofu lako aliloachiwa bado linafanya kazi. Baba angekusalimu kama angekuwepo. Bwana Funguo, yule mlinzi wa ukumbi, anadai ulimwahidi picha yako na bado anaingoja. Babu hajui kwamba ninaandika, lakini ningemsomea orodha hii ya salamu najua angetaka awe wa kwanza, kwa hiyo mhesabu wa kwanza. Mungu akupe afya ya mgongo na wepesi wa moyo, akulinde huko uliko, na akusaidie usinichukie kwa muda mrefu.

Ni mimi nikupendaye, ingawa nimekukosea kabla hatujajuana,

Karani, binti wa kaka yako.

Stempu ya kujibia nimeiweka ndani ya bahasha. Kama hutaki kuandika lingine lolote, nijibu hili moja, kwa posta inayofuata: baada ya yale madoa mekundu, ulichora nini?