Mstari wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha husuda kwa miaka ishirini na miwili. Namhusudu mwanafunzi wangu mwenyewe. Maabara nzima tulimwita Hadubini, kwa macho yake. Mimi ndiye niliyemfundisha kukata mfupa wa nyonga vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Akanipita. Nikacheka na kumpongeza, na roho ikiniuma.

Leo daktari amenipima mgongo. Pingili mbili zimebonyea zenyewe. Nimefupika sentimita saba — mimi, profesa wa mifupa! Akanifariji kwamba siku hizi kuna matibabu mazuri, tumshukuru Hadubini. Nikageukia ukutani.

Jumatano, 5 Machi

Hadubini anakuja Jumapili! Binti yangu amenitangazia huku akikunja mashuka.

"Shangazi anakuja kukuona, Baba. Unyoe hizo ndevu, usije ukamtisha."

Shangazi? Tangu lini? Tangu mwaka jana, anasema. Kumbe ndiye anayempima mifupa. Binti anaogopa asije akavunjika kama marehemu mama yake. Nyumbani ana baba aliyesomea mifupa maisha yake yote — akaenda kwa yule! Nikakataa kula. Akasema nimeanza utoto.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Mgonjwa anameza kidonge kinachoacha alama mfupani. Baada ya siku kumi na nne anameza kingine. Tunakata kipande kidogo cha nyonga, tunakiweka chini ya taa ya zambarau. Mistari miwili inang'aa kama uzi wa dhahabu. Nafasi iliyo katikati ndiyo mfupa uliojengwa ndani ya siku hizo.

Tulikuwa tunajaribu dawa ya kuimarisha mifupa. Dawa yangu! Nilikuwa nimeitetea kwenye mikutano mpaka sauti ikanikauka. Hadubini akaja na vipande kumi na tisa. Mstari wa pili hakuna.

"Mwalimu, mifupa imeacha kujijenga. Inazidi kuwa mizito, lakini ni mikavu kama chaki."

Angekuwa mwingine ningemkumbatia. Lakini yeye! Mwenye miaka ishirini na tisa! Nikaiandikia kamati ya utafiti kwamba wagonjwa walisahau kumeza kidonge cha pili. Kamati ikaniamini, nilikuwa na mvi. Matokeo yake yakatupwa. Ilimchukua miaka kumi kuyathibitisha kwingine.

Jumapili, 9 Machi

Amekuja. Amepanda ngazi zote bila kushika ukuta. Nywele zina mvi, mgongo umenyooka — hata umri unampendelea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bado unaona?"

"Naona umekonda na maneno hayajapungua."

Binti akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikumbuki lini nilimchekesha hivyo.

Kisha wakatazamana. Nikajua kuna jambo. Hadubini akasogeza kiti, akasema kwa upole kwamba mifupa ya binti si mibaya, ila kabla ya kumwanzishia dawa anataka kujua ya mama. Mfupa wa paja kukatika mtu akigeuka tu jikoni, bila kuanguka, si kawaida. Huenda ni urithi. Huenda ni dawa. Faili la hospitali halipatikani.

"Baba," binti akaniuliza, "mama alikuwa anameza nini? Si wewe uliyekuwa unamletea?"

Nikasema kifua kimebana, waniache kidogo, nikajifungia chumbani. Wako sebuleni. Hawacheki sasa. Nasikia kijiko kwenye kikombe. Binti amegonga mara moja.

"Baba, hatuna haraka. Tunasubiri."

Hadubini hajui yote. Anadhani nilikosea, na watu hukosea. Alishanisamehe zamani, na huo msamaha wake nao nauonea kijicho.

Ukweli ni huu. Siku tatu baada ya kuiandikia kamati, nilichukua daftari la muuguzi wa wodi. Wagonjwa wote kumi na tisa walimeza kidonge cha pili mbele yake. Alitia sahihi kila mstari. Nikalirudisha kabatini, nikaenda nyumbani. Mke wangu alikuwa na mwaka wa pili kwenye dawa ile, akanionyesha chupa imekwisha. Ningesema neno moja, Hadubini angekuwa ameshinda. Nikafungua chupa mpya. Nikammiminia na maji.