Ishara Nilizompa Mzee Strake

Rashidiya, Dubai

Dada yangu Dorah,

Kabla sijakujulia hali, wacha nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: kwa miezi miwili nimekuwa kumbukumbu ya mtu mwingine. Haya, sasa nipumue. U mzima? Mtoto ameacha kukohoa? Na shemeji bado anang'ang'ana na ile pikipiki? Sisi tunaendelea, ila joto linatuchoma. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio haukai. Naandika mstari mmoja, nainuka, naenda dirishani, narudi.

Nilikwambia kwamba nilipomaliza kidato cha nne na kumfuata Mama huku, madam wake alinipa kazi ya kukaa na baba yake, Mzee Strake. Sikukuambia ni nani. Kwao Marekani ni mtu mkubwa. Alicheza ule mpira wao wa kushikwa mkononi, wenye ncha mbili, naye alikuwa kwotabeki, yaani yule anayeupokea mpira kwanza na kuamua uende kwa nani. Wamarekani wa hapa wakimkuta dukani, watu wazima wenye mvi, wanatetemeka na kumwomba awasimulie fainali ambayo timu yake ilikuwa imeshashindwa, akarusha mpira wa mwisho na uwanja mzima ukasimama. Hesbon, mlinzi wetu wa getini, husema Mzee angezaliwa Kitale angekuwa anawarushia nyani mawe kwenye mahindi na hakuna ambaye angempiga picha. Mzee aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta, akasema nyani hao wangekoma.

Dorah, Mzee anasahau. Siku moja alikwama katikati ya hadithi hiyo, wageni wakimsikiliza. Akanitazama mimi niliyeshika trei ya juisi. Bila kufikiri nikainua mikono kama anayedaka mpira, naye akaendelea. Wageni walipoondoka alinieleza kwamba uwanjani kocha husimama kando na kumwongoza kwotabeki kwa ishara, na kwamba kuanzia siku hiyo kocha wake ni mimi. Tukazitunga. Nikigusa sikio, amtaje mama yake. Nikishika kiwiko, asimulie alivyovunjika mkono. Nikikunja mikono kifuani, khalas, amalize. Wajua nilivyo, darasani sikuwahi kujibu swali bila kuitwa jina. Sasa nilikuwa namwongoza mtu kama huyo na hakuna aliyeniona. Nilifurahi, nisikudanganye.

Kilichoninyima raha ni Jeremy, mjukuu wake. Madam alipanga karamu ya Ijumaa, ambapo Mzee angemkabidhi kijana helmeti yake ya zamani, ile aliyoivaa uwanjani, na kumbariki aende Marekani, kwenye shule ya kuchezea mpira huo. Siku chache kabla, Mzee akiwa na akili timamu kabisa, aliniambia kwamba daktari alishamweleza: mapigo ya mchezoni ndiyo yaliyomharibu kichwa, na hataki mtoto ayapate. Nikamsihi amwambie madam. Akaapa atamwambia leo leo. Jioni nikamkuta anaing'arisha helmeti huku akiimba. Nilipomkumbusha, aliniuliza daktari gani.

Kumwambia madam mwenyewe nilishindwa. Angeuliza nimejua tangu lini, na visa ya Mama na yangu zote ziko mikononi mwake.

Ijumaa sebule ilijaa. Mzee alisimama na helmeti, Jeremy mbele yake, simu zote zimeinuliwa. Kwa ishara zangu aliisimulia fainali vizuri hadi mwisho. Kisha akanitazama, akingoja ishara ya baraka, viganja viwili pamoja. Mikono yangu ilikataa. Kuna ishara aliyonifundisha ambayo hatukuwahi kuitumia: kocha akigusa utosi, maana yake ni achana na mpango wangu, unayeuona uwanja ni wewe. Nikagusa utosi.

Akaishusha helmeti. Madam akaanza kutabasamu kwa aibu. Mzee akaigeuza helmeti, akachungulia ndani yake, akamtazama Jeremy. Akasema polepole kwamba ile fainali haikumbuki hata kidogo, kwamba helmeti hiyo haikumlinda, na kwamba ziko asubuhi anaamka asijue jina la binti yake. Akaketi, ameipakata. Mgeni mmoja akapiga makofi akidhani ni mzaha, kisha akaacha mwenyewe.

Safari ya Jeremy imesimamishwa, naye hasemi na mtu. Jana madam aliniita jikoni, macho yamevimba, akaniuliza kama niliwahi kugundua chochote. Nikasema, hapana, madam. Mama, aliyekuwa akiosha vyombo, akadakia kwamba huyu mtoto wake hana tabia ya kuchunguza watu. Sijui kama Ijumaa nilimpa Mzee uhuru au nilimtupa peke yake mbele za watu. Leo mchana alikuja jirani kumsalimu, na Mzee akanitazama, akingoja. Nikaificha mikono chini ya aproni.

Mbusu mtoto, na umsalimie shemeji, lakini asiione barua hii. Mama akikupigia simu, zungumzeni habari za mvua na mahindi. Usimwambie, Dorah. Usimwambie mtu yeyote.

Mdogo wako anayekupenda,
Everlyn